Ajira za kada za chini serikalini: mchujo unaoanzia kwenye jina lako

Tangazo la ajira likitoka jioni, kesho yake asubuhi steshenari za Arusha zimejaa. Pita karibu na Stendi Ndogo, pita Sanawari, nenda hata Kwa Mrombo, utawakuta vijana na bahasha zao za kaki. Mmoja anatoa nakala ya cheti, mwingine anaomba afunguliwe akaunti, wa tatu amempigia mama yake simu kijijini amuulize tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Na swali linalosikika kuliko yote ni hili: mtihani unatoka nini?

Swali hilo nitalijibu huko mbele. Ila kwa miaka ambayo nimekaa na wadogo zangu na majirani tukituma maombi haya, walioshindwa mtihani ninawajua wachache. Ninaowajua wengi ni walioanguka kabla hawajauona. Waliangushwa na herufi moja ya jina, na nakala isiyo na muhuri wa wakili, na barua iliyotumwa bila sahihi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalifika 135,027. Walioitwa kwenye usaili wa kuandika walikuwa 112,952. Kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 80, hilo kila mtu aliliona. Lakini tazama pengo lililo katikati ya namba hizo mbili. Watu zaidi ya 22,000 waliishia kwenye vigezo na nyaraka, wala hawakushika kalamu.

Nani hasa anaajiri

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu tangazo moja linaweza kutaja ofisi tatu. Tuseme Halmashauri ya Wilaya ya Meru ina upungufu wa madereva na watendaji wa vijiji. Haiwezi kuamka tu na kuajiri. Inasubiri kibali kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ile tunayoiita Utumishi. Ndiyo maana tangazo la halmashauri huanza kwa kutaja kibali na namba yake ya kumbukumbu. Tangazo lisilotaja kibali chochote lisome mara mbili kabla hujaliamini.

Ofisi ya pili ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 2007. Hii ndiyo yenye mfumo wa maombi mtandaoni unaoitwa Ajira Portal, na makao yake ni Dodoma. Inatangaza nafasi kwa niaba ya waajiri, inasaili, kisha inawapangia waliofaulu vituo. Ofisi ya tatu ni mwajiri mwenyewe: halmashauri, chuo, hospitali au wakala. Yeye ndiye atakayekupa barua ya ajira na kukulipa mshahara.

Kinachotokana na hayo ni jambo dogo lenye uzito. Kuna matangazo yanayotaka barua iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, na kuna yanayotaka iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika, ingawa yote mawili yanapita kwenye mfumo uleule. Usinakili anuani kutoka barua ya rafiki yako. Inakili kwenye tangazo lenyewe.

Kwa watu wa Moshi niongeze moja. Pale mjini kuna Shule ya Polisi, na vijana wengi hudhani milango yote ya Serikali ni mmoja. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wana taratibu zao za kuajiri, na Mahakama ina Tume yake ya Utumishi. Akaunti yako ya Ajira Portal haitakufikisha huko.

Kwa nini hata mhudumu anaulizwa kidato cha nne

Wazee hulalamikia jambo hili na nawaelewa. Wanakumbuka tarishi na walinzi wa maofisini walioingia na darasa la saba wakafanya kazi safi hadi wakastaafu. Mambo yalibadilika tarehe 20 Mei 2004, Serikali ilipoweka elimu ya kidato cha nne kuwa sifa ya chini ya kuingia utumishi wa umma. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ndio ulioonyesha uzito wa tarehe hiyo. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na wenzao wa darasa la saba nao wakaondolewa. Mwaka 2018 Serikali ikaamua kwamba wale wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe. Tangu hapo, suala la cheti halina mazungumzo hata kidogo.

Juu ya kidato cha nne, kila kada ina nyongeza yake, na nyongeza hiyo ndiyo inayowaponyoka watu. Dereva daraja la II anatakiwa awe na leseni daraja la E au C, awe ameendesha magari angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya udereva VETA, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au chuo kingine kinachotambuliwa. Nimewaona madereva wa Hiace wa Usa River, watu walioijua barabara kwa miaka kumi, wakikosa kwa sababu ya ile karatasi ya mafunzo tu. Mwandishi mwendesha ofisi, aliyekuwa akiitwa katibu mahsusi, anatakiwa awe na stashahada ya uhazili na hatimkato, yaani uandishi wa mkato, ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 100 kwa dakika. Msaidizi wa kumbukumbu anatakiwa awe na stashahada ya fani hiyo. Mtendaji wa kijiji awe na cheti cha fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au kingine kinachotambuliwa.

Ngazi ya mshahara nayo huandikwa kwa herufi ambazo wengi huziruka. TGOS A ni ya kada kama mpishi na msaidizi wa ofisi. TGS B ni ya dereva na mtendaji wa kijiji, na TGS C ni ya mwandishi mwendesha ofisi na msaidizi wa kumbukumbu. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mtu anayekuahidi mshahara wa mamilioni kwa kazi ya uhudumu wa ofisi, huyo hazungumzii ajira hii.

Jina lako lina herufi ngapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana huku kwetu ndipo penye maumivu.

Mtoto wa Kimasai wa Longido anaandikishwa shule na mwalimu asiyeijua lugha ya nyumbani kwao. Neno Ole linaachwa. Mollel inaandikwa kwa l moja. Mtoto wa Rombo au Machame anaitwa Elisante kwenye ubatizo, Elly kwenye cheti cha kidato cha nne, na Elisante tena kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa sababu siku ile alikwenda na cheti cha ubatizo. Massawe ina s mbili kwa baba na moja kwa mtoto. Binti ameolewa, amejiandikisha NIDA kwa jina la mume, vyeti vyote vina jina la baba. Kijijini hakuna anayeona tatizo hapo, kwa kuwa mtu wanamjua kwa uso na kwa ukoo. Mfumo hauna uso wala ukoo. Una herufi tu, na Elly na Elisante kwake ni watu wawili.

Dawa yake ni hati ya kisheria ya kubadili au kuthibitisha jina, ambayo matangazo huiita deed poll. Inaandaliwa na wakili, kisha inasajiliwa. Neno la kushika hapo ni kusajiliwa. Kiapo cha kawaida kilichogongwa muhuri kwa wakili wa jirani hakilingani nayo, na wasailiwa wenye majina yanayotofautiana huambiwa waziwazi waje na ile iliyosajiliwa.

Tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na zile nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ishike namba yako sasa hivi, uisome, kisha uitazame pamoja na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kama haviendani, una kazi ya kufanya. Umri wa kuomba nafasi nyingi ni kati ya miaka 18 na 45, hivyo mwaka uliokosewa unaweza kumtoa mtu ambaye bado ana haki.

Na hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Tangazo mara nyingi hukaa wazi wiki mbili hivi. Kurekebisha taarifa NIDA, kusajili hati ya jina, kupata cheti mbadala cha NECTA kwa aliyepoteza chake, kupata cheti cha kuzaliwa kwa aliyezaliwa nyumbani, hakuna hata kimoja kinachotoshea ndani ya wiki mbili. Kijana anayeanza kushughulika siku ya tangazo ameshachelewa hata kama amewahi steshenari saa moja asubuhi. Haya ni mambo ya kufanya wakati hakuna tangazo lolote, siku ambazo steshenari ni tupu na wakili ana nafasi ya kukusikiliza.

Barua, vyeti na akaunti

Sehemu hii ni rahisi kuliko inavyoogopwa. Akaunti unaifungua mara moja tu, kwa namba ya NIDA na barua pepe yako mwenyewe. Nasisitiza yako, kwa sababu nimeona akaunti nyingi zilizofunguliwa kwa barua pepe ya mwenye steshenari. Duka likihama, neno la siri limehama nalo.

Jaza elimu, uzoefu, lugha na wadhamini watatu wanaopokea simu. Weka vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Hati ya matokeo, ile karatasi uliyopewa kabla cheti hakijatoka, haipokelewi badala ya cheti, na barua ya mkuu wa shule ya kukusifia pia haipokelewi. Aliyesoma nje ya nchi, hata ng'ambo ya mpaka wa Namanga tu, apeleke vyeti vyake vikahakikiwe: vya sekondari NECTA, vya vyuo vya kati NACTVET, vya chuo kikuu TCU. Mwenye ulemavu aoneshe hivyo kwenye mfumo, maana matangazo yenyewe yanamtaka afanye hivyo.

Barua inaweza kuwa ya Kiswahili au Kiingereza. Andika Kiswahili kama ndicho unachokimudu, hakuna atakayekupunguzia. Iwe ya ukurasa mmoja, itaje nafasi kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, halafu uitie sahihi kwa kalamu kabla ya kuipiga picha. Barua isiyo na sahihi ni kosa dogo kwa macho, ila limewarudisha watu wengi nyuma.

Mtihani wenyewe

Sasa nilijibu lile swali la steshenari. Usaili huwa na hatua. Kwanza ni mchujo, yaani mtihani wa kuandika, na siku hizi mingine hufanyika kwenye kompyuta. Kada zenye ufundi wa mkono, kama dereva na mwandishi mwendesha ofisi, hupita kwenye usaili wa vitendo. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana.

Watu huhangaika kutafuta karatasi za mitihani iliyopita na kuuziana kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi nasema mtaala mnao mkononi. Kila tangazo lina sehemu inayoitwa majukumu ya kazi, na waombaji huiruka kwa haraka ya kufika kwenye sifa na mshahara. Sehemu hiyo imetoka kwenye muundo wa utumishi wa kada yako. Msaili anayetaka kujua kama unaifaa kazi hiyo ataanzia wapi kama si hapo?

Chukua tangazo la dereva. Majukumu yatakuambia kuendesha magari ya abiria na malori, kukagua gari kabla na baada ya safari ili kugundua ubovu, kufanya matengenezo madogo madogo, na kuandika daftari la safari. Kila mstari ni swali. Kabla ya kuwasha gari asubuhi unakagua nini, na unaanzia wapi? Gari la halmashauri limekuishia breki kwenye mteremko wa kutoka Ngorongoro, unafanya nini kwanza na unamwarifu nani? Daftari la safari lina vipengele gani, na kwa nini mkaguzi wa hesabu atalihitaji? Dereva aliyekaa na maswali hayo wiki moja, akayajibu kwa maandishi na si kwa kichwa tu, ataingia kwenye mchujo akiwa ametulia.

Msaidizi wa kumbukumbu naye atakuta kupokea na kuandikisha nyaraka, kuzipanga kwa makundi kulingana na somo, kutafuta majalada yanayohitajiwa, kuyapanga kwenye reki. Aliyefanya mazoezi ya kazi masjala, yaani ofisi inayotunza majalada, atakumbuka jinsi barua inavyosafiri: inapokelewa, inaandikwa kwenye rejista, inafunguliwa jalada au inaingizwa kwenye lililopo, inapewa namba ya folio, inapelekwa kwa ofisa, inarudi. Asiyewahi kuingia masjala aombe kujitolea hata mwezi mmoja. Barua ya siri ikija mezani kwako imefunguliwa, utafanyaje? Swali kama hilo halina jibu kwenye daftari la kukariri.

Mtendaji wa kijiji ndiye mwenye mengi zaidi. Tangazo linamwita mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, katibu wa vikao vya halmashauri ya kijiji, mtunza nyaraka, msimamizi wa ulinzi na usalama, mpokeaji wa malalamiko. Ajue basi kwamba mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa na wananchi ilhali yeye anaajiriwa, na kwamba anawajibika kwa mtendaji wa kata. Asome Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982: mkutano mkuu wa kijiji ni wa nani, halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, sheria ndogo inapitia wapi. Kisha afikirie mgogoro wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kati ya ndugu wawili wa Kibosho, au wa malisho kule Monduli, na aeleze hatua kwa hatua angefanya nini bila kujifanya hakimu.

Juu ya hayo, kila kada isome maadili ya utumishi wa umma. Kutunza siri, kutopokea zawadi, kuwahi kazini, kumhudumia mwananchi bila upendeleo. Mengi ni mambo tuliyofundishwa nyumbani, lakini mtihani unataka uyaeleze kwa lugha ya ofisi.

Nauli, vitambulisho na simu za matapeli

Msailiwa anajigharamia mwenyewe chakula, usafiri na malazi. Zamani hilo lilikuwa na maana ya safari ya Dodoma kupitia Babati na Kondoa, na mtu akalala stendi. Siku hizi usaili mwingi wa mchujo hufanyika mikoani, na mfumo hukupangia kituo kwa kuangalia mkoa uliouandika kuwa ndiko unakoishi. Kama ulifungua akaunti ukiwa chuoni Mbeya na sasa uko Njoro, Moshi, badilisha mkoa kabla majina hayajatoka. Chukua pia namba yako ya mtihani kwenye akaunti na uiandike mahali, kwa sababu haitolewi mlangoni.

Siku yenyewe beba kitambulisho kinachokubalika, kama cha NIDA, cha mpiga kura, hati ya kusafiria au leseni, pamoja na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Nakala hazitoshi, hata zenye mihuri mitano.

Na simu ikilia, mtu akajitambulisha kwa jina la ofisi na kukutajia jina lako kamili na nafasi uliyoomba, akataka laki mbili za "kusogeza jina", kata. Kuomba nafasi hizi hakulipiwi. Majina yamebandikwa hadharani, kwa hiyo kukujua jina si ajabu. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Inaniuma kuona mama wa soko la Kilombero akiuza mtaji wake wa nyanya kwa ajili ya mwanawe, halafu simu ile isipatikane tena.

Baada ya matokeo

Matokeo ya mchujo hutoka kwa namba za mtihani, na anayeitwa huendelea na hatua inayofuata. Ukifaulu mahojiano na nafasi zikawa zimeisha, jina lako huwekwa kwenye kanzidata. Matangazo ya kuitwa kazini mara nyingi huwa na watu waliotoka humo, waliosailiwa kwa nafasi nyingine kabisa. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu, na ingia kwenye akaunti yako mara kwa mara hata kama ulishakata tamaa.

Ukiitwa, barua ya kupangiwa kituo utaikuta humo kwenye akaunti, na ina siku zilizohesabiwa za kuripoti. Kituo kinaweza kuwa Siha, kinaweza kuwa Ukerewe. Ukifika, mwajiri atavitazama upya vyeti halisi kabla hajakupa barua ya ajira. Baada ya hapo utaanza miezi kumi na miwili ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini. Na ofisa utumishi atakayekupokea atalisoma kwanza jina lililo kwenye barua, kisha atalitafuta hilohilo, herufi kwa herufi, kwenye kila karatasi utakayomkabidhi.